Babu Aliyebaki na Ng'ombe

Jumapili, 19 Novemba 2017. Mvua kubwa saa nne asubuhi, kisha jua kali, kisha mawingu mazito tena upande wa ziwani. Yustina amekuja baada ya misa ya pili, simu mkononi, hakuketi hata nilipomvutia kiti. Amesema, "Adventina, Sista Klotilda ametutoka. Kwao Ufaransa, katika nyumba ya masista wazee. Miaka tisini na mitano." Tukasimama tu jikoni tukitazamana, wanawake wawili wenye wajukuu, halafu sijui nani alianza, tukacheka. Tulicheka mpaka Yustina akashika meza. Kisha akafuta macho akasema: "Sasa andika ile habari ya babu yake. Na usijipendelee." Nikasema mimi sijipendelei kamwe. "Unajipendelea kwa kujilaumu," akasema. "Ukijilaumu sana watu wanakuonea huruma. Andika ilivyokuwa." Basi najaribu. Niliishia darasa la saba na sijui kama hii ndiyo njia ya kuandika jambo kama hili, lakini daftari langu la mwaka 1978 ninalo bado, limeliwa na mende pembeni tu, na pale ambapo daftari na kumbukumbu yangu vinapingana nitasema.

Mwaka ule tulikuwa wasichana kumi na wanne katika darasa la mapishi na ushonaji la masista, Kashozi. Chumba chetu kilikuwa kirefu, jiko la matofali upande mmoja, cherehani tatu upande wa pili, na dirisha pana lililotazama mibuni. Hilo dirisha ndilo lililoanzisha yote. Sista Klotilda alikuja kwetu mwezi wa kwanza akitokea upande wa Tabora, alikokaa miaka mingi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu, lakini Kihaya alijua salamu tu. Siku ya kwanza alisimama pale dirishani, mikono kiunoni, akauliza nani kati yetu anakunywa kahawa. Hakuna. Sisi kahawa tunatafuna: buni huchemshwa na majani yake ya harufu, hukaushwa, mgeni akija unamwekea mbele yake. Kunywa ni mambo ya Wazungu na ya wenye hoteli Bukoba mjini. Sista akashika kichwa. "Mabinti! Kahawa imeota mlangoni, na hamwinywi! Mimi wakati wa vita, nikiwa na umri wenu, ningetembea siku nzima kwa kikombe kimoja." Akatusimulia kwamba wakati majeshi ya Wajerumani yameishika nchi yao, kahawa ilikwisha kabisa, watu wakachoma shayiri, wakachoma mizizi, wakachoma mbegu za mwaloni, wakasaga, wakanywa wakifumba macho. Yustina akanyoosha mkono: "Sista, mbegu za mwaloni? Za dagaa?" Maana mwaloni kwetu ni pale mitumbwi inaposhusha samaki. Yeye alikuwa anasema mti, mwaloni ule wa kwenye Biblia, na sisi tukaona Ufaransa nzima imeketi mezani ikinywa mchanga wa ufukwe wa Kemondo wenye magamba. Tangu siku hiyo chochote kibaya darasani tulikiita kahawa ya mwaloni. Mshono uliopinda, kahawa ya mwaloni. Mchumba wa Yustina wa wakati ule, kahawa ya mwaloni.

Nisidanganye, tulikuwa tunazipenda zile hadithi za vita kuliko mapishi yenyewe. Tukimenya ndizi, tunamwomba. Alisimulia bila kujikweza, na ndiyo sababu nilimwamini. Alisema watu walipewa kadi za mkate, na mtoto ana kadi yake, na mwenye kazi ngumu ana yake, na mama yake alipanga foleni tangu alfajiri na kiti kidogo mkononi. Sisi tukatazamana: sabuni na sukari za duka la kijiji zilikuwa vivyo hivyo. Alisema walikula mizizi minene ambayo kabla ya vita ilikuwa chakula cha ng'ombe. Hakuwa na neno lake kwa Kiswahili, akaiita kiazi cha ng'ombe. Aliichukia mpaka alipokuwa anasimulia pua ilikunjamana. Nilipomuuliza kama Wafaransa wote walipigana na adui kwa siri, kama nilivyokuwa nataka iwe, akatikisa kichwa. "Wachache. Wengine waliuza siagi kwa magendo. Wengine waliandika barua kumchongea jirani. Wengi walinyamaza wakangoja ipite. Na mimi nilikuwa msichana, nilikuwa na njaa, nilikuwa nafikiria viatu." Nimeinakili hiyo katika daftari, mwezi wa tano, na chini yake nimeandika: Mimi ningepigana. Nilikuwa na miaka kumi na minane.

Basi mwisho wa Oktoba vita vikaja kwetu. Majeshi ya Uganda yalivuka mpaka upande wa Kyaka, ndege zikapita juu ya Bukoba, mabomu yakasikika. Vijana wa leo wakiniuliza kama niliogopa, nasema ndiyo, lakini hilo ni nusu. Nusu nyingine naiona aibu kuiandika: nilifurahi. Moyo ulikuwa unapiga kama ngoma ya harusi. Kila kitu kilibadilika kwa siku moja! Watu wenye nyumba za bati walipanda juu na kuyafunika kwa majani ya migomba yasimeremete. Balozi wa nyumba kumi alipita akiamuru nguo nyeupe zisianikwe nje. Yustina akamwambia Sista, "Na wewe Sista usianikwe nje," maana kanzu yake ilikuwa nyeupe pe. Tukachemsha majani ya chai katika sufuria kubwa la shule, tukatumbukiza kanzu za masista wote, zikatoka na rangi ya uji wa ulezi, na Sista Klotilda akazunguka chumbani akijionyesha, "Mnaonaje? Ndege itasema huyu ni kichuguu." Katikati ya kicheko hicho mlio ukapita mbali upande wa ziwa, tukanyamaza wote, kisha tukacheka tena kwa sauti zaidi. Barabarani malori yalikuwa yanapita yakielekea kusini, Muleba, mbali na mpaka, yamejaa watu, magodoro, kuku, wasichana wa rika langu wakiimba. Mimi nilikuwa sijafika Muleba. Nilikuwa sijapita Bukoba. Niliyatazama yale malori kama mtu anavyotazama wenzake wakienda kwenye karamu.

Kikwazo changu kilikuwa Bibi. Tuliishi wawili, mimi na yeye, katika nyumba yake ya msonge, ya majani mpaka chini, na sakafuni nyasi mbichi alizotandaza kila Jumamosi. Alikuwa amenyooka mgongo kama mwiko, na Kiswahili hakukijua. Balozi alipomwambia wazee wanaoweza kutembea waende Muleba, alijibu kwa Kihaya, "Ndege inatafuta bati. Mimi nyumba yangu ni nyasi, itadhani ni rweya." Rweya ni ule uwanda wa majani nje ya migomba. Balozi akasema askari wa adui hawatembei angani tu. Bibi akasema, "Mume wangu amelala nyuma ya migomba hii. Nikiondoka nani atabaki naye? Na nikifa huko, mtanizika katika kibanja cha watu, nimlalie mume wa nani?" Balozi akaenda zake. Nilimwelewa Bibi, na kwa haki yake niseme hapa kwamba hakuwa mkaidi tu. Kwetu maiti hulala katika kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani kwake, na kulala kwa wengine ni kama kubaki mgeni milele, unaomba maji.

Ndipo nikamwomba Sista Klotilda aje amshawishi, kwa sababu nilijua yeye aliwahi kukimbia vita akiwa na umri wangu. Alikuja alasiri moja ya wiki ya kwanza ya Novemba, pamoja na Yustina, kanzu yake ya rangi ya chai. Bibi akamwekea kahawa ya kutafuna katika kikapu kidogo, Sista akachukua moja, akatafuna kwa adabu. Tuliketi juu ya nyasi. Mimi nilikuwa mkalimani. Sista akaanza, na mimi nikawa nampa Bibi kwa Kihaya kipande kwa kipande, na nilikuwa natafsiri vizuri, hilo hata Yustina anakubali. Alisema majeshi yalipokaribia kijiji chao kaskazini mwa Ufaransa, watu wote waliingia barabarani siku moja. Magari yenye magodoro juu, mikokoteni, baiskeli, bibi vizee ndani ya toroli za bustani. Ndege zilishuka chini zikapiga risasi barabara ileile, na watu wakalala mitaroni, kisha wakainuka, wakapangusa magoti, wakaendelea, kwa sababu walifanyeje? Waliwaacha ng'ombe malishoni bila mkamuaji, na safari nzima alisikia ng'ombe wakilia kwa maumivu ya viwele vilivyojaa, kijiji baada ya kijiji. Bibi aliacha kutafuna. Hilo la ng'ombe lilimwingia. Sista akasema, "Babu yangu alikataa kuondoka. Alisema hivihivi kama wewe, Bibi: wafu wangu wako hapa."

Bibi akainama mbele. "Muulize. Huyo mzee aliyebaki, walimkutaje waliporudi?"

Nikauliza. Sista akatabasamu, naona meno yake mpaka leo. "Tulimkuta mzima! Ameketi mlangoni, amekasirika. Alikuwa amekamua ng'ombe wa kijiji kizima, peke yake, asubuhi na jioni. Ghala lilikuwa limejaa jibini. Sasa Bibi, sikuambii ubaki, sikuambii uende. Mama yangu alilia njia nzima kwa ajili yake. Chagua mwenyewe."

Nilisikia lori linapita barabarani. Walikuwa wanaimba. Nikamgeukia Bibi nikasema kwa Kihaya, "Walimkuta amekufa. Alikufa peke yake, ng'ombe wakilia, na hakuna wa kumzika."

Yustina alinikanyaga mguu. Alikanyaga kwa kisigino. Bibi akautazama mlango. Kisha akamshika Sista mkono kwa mikono yake yote miwili na kumwambia maneno ya pole ya Kihaya, na Sista, asiyeelewa, akaitikia, "Asante, Bibi, asante." Halafu Bibi akainuka, akaanza kufunga chumvi na kisu katika kitambaa. "Mwisiki," akaniita, msichana, "tunaondoka kesho. Sitaki kufa bila wa kunizika." Nilipotoka nje Yustina alikuwa ananingoja kwenye migomba. "Umefanya nini wewe!" Nikamwambia nimemwokoa. "Umemwokoa au umejipakia lori?" Katika daftari la siku ile nimeandika mambo mengi kuhusu hatari ya mabomu. Kuhusu lori sikuandika kitu.

Tulitembea mpaka Bukoba, tukapata lori mpaka Muhutwe, tukatembea tena. Lo, ile barabara! Nitakuwa mwongo mara ya pili nikisema haikunifurahisha. Nilibeba godoro kichwani nikasalimiana na watu wa Kanyigo, wa Kyaka, wa Minziro, watu nisingewaona maishani. Wenye migomba kando ya njia walitoka na mitungi ya maji na ndizi zilizochomwa. Bibi alitembea mbele yangu na fimbo yake, akisimama kila palipo na ng'ombe kuuliza kama wamekamuliwa. Kila mara alipouliza, furaha yangu ilipungua kidogo.

Muleba tulipokewa na mwalimu mstaafu, Mzee Ezra, na mke wake, Waluteri, watu wa sala asubuhi na jioni. Walitupa chumba chenye dirisha na kitanda cha chuma. Kitu kimoja tu kilimsumbua Bibi kwao: hawakuwa na rubisi. "Migomba yote hii," aliniambia kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "na hakuna pombe? Hawa ndizi zao zinafanya kazi gani?" Mzee Ezra akasema nje ya mlango, "Zinamtukuza Bwana, waitu," akimwita kwa neno letu la heshima. Bibi akajibu, "Na zangu pia, lakini zangu zinaimba." Walicheka wote wawili na nikadhani tumepona. Wiki ya pili homa ikamshika. Ndizi zilikuwa zimeanza kupungua, watu tulikuwa wengi kuliko mikungu, na serikali ilileta unga wa mahindi. Bibi hakuwahi kula ugali. Kwa watu wa umri wake ugali ulikuwa chakula cha njaa na cha wafungwa. Akageukia ukutani. "Nikifa hapa," alisema, "utanizika wapi? Kwa Waluteri?" Mzee Ezra, maskini, akaja akapiga magoti kando ya kitanda akasema, "Waitu, hata udongo wetu umebatizwa." Bibi hakucheka safari hii.

Hapo ndipo nilipojua nilichofanya. Nilikuwa nimemtoa kibanjani kwa uongo, na sasa angefia ugenini, kifo kilekile nilichomtishia nacho. Niliketi na bakuli la ugali na mchuzi wa maharage magotini, na sikuwa na kitu cha kumpa ila Ufaransa. Nikamsimulia kiazi cha ng'ombe. Nikamwambia wanawake wa kule, wenye mashamba, wenye vyombo vya kaure, waliketi mezani wakatandika kitambaa safi, wakala chakula cha mifugo kwa uma na kisu, wakasema nitakula hiki ili nione mwisho wa watu hawa. Hayo ya kitambaa na kisu niliongeza mwenyewe, sijui kama ni kweli. Bibi alisikiliza akiwa ametazama ukuta. Akauliza, "Walikula?" "Walikula." "Hata masista?" "Hata masista." Akageuka. Alikula matonge manne, uso umekunjamana, akasukuma bakuli. "Nimekula kama Mfaransa," akasema. "Sasa nitazame nikipona, kwa sababu hiki sitakila mara mbili." Alikila siku kumi na moja. Nimezihesabu katika daftari.

Mwezi wa kumi na mbili ulipoanza tukasikia majeshi yetu yamewarudisha adui ng'ambo ya mto, tukarudi. Nyumba ilikuwa imesimama, nyasi sakafuni zimeoza, kaburi la Babu limeota magugu. Bomu halikuanguka kijijini. Wazee watatu waliobaki walikuwa wazima, wananywa rubisi ya watu waliokimbia. Kwa hiyo naomba ieleweke: uongo wangu haukumwokoa Bibi na kitu chochote. Wala sijui kama ningesema kweli ingekuwaje. Pengine askari wangefika. Hakuna anayejua. Lakini sikusema uongo kwa sababu ya askari.

Asubuhi iliyofuata senene, wale panzi tunaowala, wakaanguka. Kulipokucha tu wasichana wote tulikuwa rweyani, umande mpaka magotini, tukiwaokota kwenye majani na kupiga kelele kama watoto, vita vimesahaulika kabisa. Nilijaza kikapu. Alasiri nilikuwa nimekaa mlangoni nawanyonyoa mabawa na miguu, Yustina ananisaidia, Sista Klotilda akatokea kwenye migomba, mikono imefunguliwa. Alikuwa amebaki misheni muda wote. Bibi akamkalisha, akaweka kahawa, akamshika mkono tena kwa mikono yote miwili. Akaniambia, "Tafsiri. Mwambie, njia nzima nimemwombea babu yake, yule waliyemkuta amekufa peke yake. Mwambie hata nilipougua nilimkumbuka yeye, nikasema sitakufa kama yule mzee."

Nilikuwa na senene mkononi, mzima, akipiga teke. Ningeweza kusema, Bibi anakusalimu. Kiswahili Bibi asingekielewa, Kihaya Sista asingekielewa, na Yustina alishanyamaza mara moja. Nilimtazama. Safari hii hakunikanyaga. Alisema tu, kwa sauti ya chini, "Tafsiri, Adve."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Tabasamu la Sista likasimama. "Babu? Lakini babu hakufa! Aliishi miaka kumi zaidi, alikufa kwa uzee na ubishi." Akanitazama, akaelewa kabla sijafungua mdomo. Nikamgeukia Bibi nikamwambia hayo pia, yote: mlangoni, hasira, ng'ombe wa kijiji kizima, jibini. Nilisikia sauti yangu ikipungua mpaka ikawa kama ya mtu mwingine.

"Aliwakamua wote?" Bibi akauliza. "Wote." "Basi ningebaki," akasema. "Ningewachungia watu mbuzi zao." Kisha akanyoosha kidole kwangu. "Sasa mwambie Sista hivi: mjukuu wangu ni mwongo. Sema hivyohivyo, usipunguze."

Nikamgeukia Sista. "Bibi anasema," nikasema kwa Kiswahili, "mjukuu wangu ni mwongo." Yustina akajifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika, mpaka leo anakana kwamba alikuwa anacheka.

Sista hakucheka wala hakunigombeza. Alisema polepole, ili nisikose neno: "Mwambie Bibi, siku ile tunaondoka nilikataa kupanda mkokoteni bila babu. Mama akaniambia, panda, babu atatufuata kesho na baiskeli. Babu hakuwa hata na baiskeli. Nilitazama nyuma siku tisa." Nikatafsiri. Bibi akamtazama Sista, akanitazama mimi, akashusha pumzi. "Kumbe kila barabara ya vita ina mwongo wake," akasema. "Mwisiki, weka sufuria motoni. Na kesho utang'oa magugu ya babu yako, peke yako, na utamweleza mwenyewe kwa nini yaliota." Nilimweleza. Bibi amelala hapo kando yake sasa, miaka mingi, katika kibanja chake mwenyewe, na bado nikipalilia nawaeleza.

Jioni ile tulikula ndizi za kupika na maharage, na sahani moja ya senene waliokaangwa kwa mafuta yao wenyewe. Zamani kwetu wanawake walikusanya senene lakini hawakuwala, walikuwa chakula cha wanaume, na Bibi katika maisha yake hakuwahi kumtia mdomoni hata mmoja. Sista alikula kwa mikono yote miwili. Bibi alimtazama, akanyoosha vidole, akachukua mmoja, akatafuna akiwa amefumba macho kama mtu anayekunywa kahawa ya mwaloni. Akasema nimezidisha chumvi. Ilikuwa kweli.